Vigae vya Jemedari

Siku ya kwanza Mama Deki alipoingia kwenye yadi ya Bwana Masalia, alitoa salamu, akachuchumaa mbele ya rundo la vigae vyeupe na kuanza kuvigonga kimoja kimoja kwa ukucha wa kidole gumba, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza ugomvi wa chumba cha pili. Kilicholia vizuri alikiweka kulia. Kilicholia kama kikohozi alikirudisha kwenye rundo. Bwana Masalia alikuwa amekalia sinki lililopinduliwa, akimtazama. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akiuza mabaki ya ujenzi: vigae vilivyozidi, milango iliyong'olewa, masinki yenye nyufa za kuonekana na za kufichwa. Jambo moja alikuwa amelijua kwa hakika, kwamba mnunuzi anayegonga haongopewi. Ukimwongopea unapoteza pumzi tu.

Alitaka tisa. Bwana Masalia akamweleza, kwa upole wa mtu anayetaka kuuza zaidi, kwamba tisa havitoshi hata choo.

"Si vya choo, kaka. Ni vya nyumba ya mjusi."

Mwenyewe hakucheka, kwa hiyo Bwana Masalia naye akakimeza kicheko chake. Alikuwa amekwisha kuwauzia wachinjaji, wenye baa, na bwana mmoja aliyejengea kaburi la mbwa. Pesa ya mjusi haina mkia. Akataja bei. Mama Deki akataja nusu yake, akasimama, akaanza kukung'uta vumbi kwenye sketi taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kuondoka wala ya kubaki. Walivutana mpaka chai ya Bwana Masalia ikapoa. Mwisho wa yote mama alitoka na vigae tisa, na cha kumi juu yake, cha akiba. Bwana Masalia alimuuliza akiba ya nini na hakuna kilichovunjika. Akajibiwa kwamba anayeuliza hivyo hajawahi kumpa fundi kazi.

Alipoondoka, Bwana Masalia alihesabu kwamba ameshindwa kidogo, na hilo likamfurahisha. Mnunuzi mwepesi hana ladha.

Miezi mitatu ilipita. Mama Deki akarudi, safari hii mikono mitupu, mchana wa jua kali, wakati mtu na mkewe walikuwa wamesimama mbele ya mlango wa mninga wakitafuta namna ya kuukubali bila kuonyesha kuwa wameupenda. Aliongea kwa sauti ya chini, ile sauti ya wodini saa ya kutazama wagonjwa, ambayo haipandi lakini inafika kila kona.

"Kaka, vigae vyako vina nini? Jemedari hali. Leo siku ya kumi na moja."

Bwana Masalia akauliza Jemedari ni nani. Akaambiwa ni yule mjusi. Akauliza vigae vinahusikaje. Akaambiwa kwamba kabla ya vigae mjusi alikuwa akila panzi kumi na majani ya kujaza kiganja, baada ya vigae akaendelea kula, kisha akaacha ghafla, na daktari wa mifugo hakuona kitu, kwa hiyo kilichobaki ni rangi ya vigae au saruji ya kubandikia. Labda ina sumu. Yule mtu na mkewe wakatazamana. Mke akasema watapita kesho. Mlango wa mninga ukabaki umesimama pale kama bibi harusi aliyeachwa.

Jina la muuza masalia ni kama kigae: likilia vibaya mara moja, hakuna anayeligonga mara ya pili. Bwana Masalia akafunga yadi na kufuatana naye. Hakwenda kwa huruma. Alikwenda kutetea mali yake.

Njiani Mama Deki alimweleza mambo yake, naye akasikiliza kama anavyosikiliza historia ya mlango uliotumika, akipima wapi pana ukweli na wapi pamepakwa rangi. Alikuwa mfanya usafi katika hospitali kubwa, wodi ya wanawake, mwaka wa ishirini na sita. Jina la Mama Deki walimpa wauguzi, kwa sababu hata profesa akikanyaga sakafu ya maji alimwambia asubiri ikauke. Mtoto alikuwa naye mmoja, wa kiume, fundi wa majokofu, aliyepata kazi nchi ya mbali ya kufunga mitambo ya baridi. Huu ni mwaka wa tatu. Miezi miwili kabla ya kuondoka kijana alinunua mjusi wa ndevu kwa mfugaji aliyekuwa akihama mji, kinda, urefu wa kalamu. Mfugaji akasema ni dume. Kijana akamwita Jemedari kwa vile alivyojaza kidevu na kukazia watu macho. Siku ya safari alisema, mama, nitunzie huyu, nikirudi nitamkuta mkubwa.

"Nikamtunza," alisema. "Wewe ungefanyaje?"

Alikuwa na vyumba viwili na ua mdogo. Bwana Masalia aliingia, akavua viatu kabla ya kuambiwa. Sakafu ile ilimvua yenyewe. Fagio la deki lilikuwa limetundikwa kichwa juu. Ndoo tatu zilipangwa kwa ukubwa. Kwenye chumba cha mwana kulikuwa na mashati mawili kwenye msumari, yamepigwa pasi, na sanduku la kioo refu kama jeneza la mtoto, lenye taa ya joto juu na tawi kavu ndani. Chini, vigae vyake tisa, vyeupe pe. Ungeweza kula juu yake.

Juu ya tawi hapakuwa na mtu. Jemedari alikuwa kona ya kulia, kifua kwenye kioo, akikwaruza. Alikwaruza, akapumzika, akageuka, akakwaruza kigae kwa kucha za mbele kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, kisha akarudi kwenye kioo. Alikuwa mjusi wa urefu wa mkono mpaka kiwiko, rangi ya udongo, mapaja yamekonda, na ngozi ya mgongo inaning'inia.

Bwana Masalia alianza na lililomleta. Alilamba kigae. Mama Deki akashtuka. Akalamba kingine, akamwambia kwamba alikwisha lala juu ya vigae vile yadini siku za joto na bado yu hai, na kwamba saruji iliyokauka haimsumbui hata panya. Mama Deki akamjibu kwamba panya na yeye si mashahidi wa kuaminika. Ila alikubali kuwa hata daktari alisema hivyo hivyo kuhusu saruji.

Daktari alikuwa amekuja mara mbili. Kijana muungwana, ng'ombe anawajua, kuku anawajua, na alikiri mapema kuwa mnyama huyu anamsoma kitabuni kabla ya kupanda pikipiki kuja. Mara ya kwanza alitoa dawa ya minyoo. Mara ya pili matone ya vitamini. Mama Deki mwenyewe alibadilisha taa, akaacha dawa ya kuulia vijidudu, akaosha majani kwa maji yaliyochemshwa, akamwogesha mgonjwa kwenye beseni la vuguvugu kila asubuhi. Yote aliyaandika. Nyuma ya kalenda ya zamani alikuwa amepiga mistari kwa rula kama karatasi zinazoning'inia miguuni pa vitanda vya wodini. Miaka ishirini na sita alizipita zile karatasi na deki mkononi, hakuna aliyewahi kumpa kalamu. Sasa alikuwa na mgonjwa wake. Joto. Chakula. Choo. Mengineyo.

Bwana Masalia alisoma karatasi ile kama anavyosoma hati ya mzigo. Joto, sawa siku zote. Chakula, sifuri, sifuri, jani moja, sifuri. Kwenye Mengineyo mwandiko ulibadilika, ukawa mdogo na wa kubanana. Alikuna kona ya kulia saa moja mpaka saa nne. Alikuna tena alasiri. Alikuna tangu alfajiri.

"Anakuna nini?" akauliza.

Mama Deki alinyoosha kitambaa ambacho hakikuwa na mkunjo. Alisema anatafuta njia. Anamtaka mwenyewe. Mnyama naye ana moyo. Alipokuwa mdogo hakuelewa, sasa amekua, ameelewa kwamba yule aliyekuwa akimweka begani hayupo. Mwaka wa tatu si mchezo. Ukimtamani mtu kiasi hicho, chakula kinakuwa kama pamba mdomoni. Alisema haya akiwa amelitazama sanduku la kioo, na Bwana Masalia, ambaye hakuwa mtu wa kuchunguza mioyo, aliona tu kwamba sahani iliyofunikwa juu ya meza haikuwa imeguswa tangu asubuhi.

Akasogea karibu na kioo. Alikuwa akimtazama mjusi, na kuna jambo lilikuwa likimjia kutoka mbali. Kabla ya vigae, kabla ya kubeba zege, mtaji wake wa kwanza ulikuwa kuku wanne alioachiwa na shangazi yake. Mmoja wao, kijivu, kila alipokaribia kutaga na kukuta boksi lake limehamishwa, alikuwa hali. Alizunguka nyumba nzima akiparua kona, chini ya kitanda, nyuma ya mtungi, kama amepoteza kitu cha thamani. Shangazi alikuwa akisema, msimpe mahindi, mpeni mahali.

"Naweza kumshika?"

Alimshika kama anavyoshika kila kitu anachotaka kujua bei yake, kwa ncha za vidole. Mapaja, mfupa mtupu. Mkia, umepungua. Lakini tumbo halikuwa la mtu mwenye njaa. Lilikuwa pana, na chini ya ngozi vidole vyake vilikutana na vitu vya mviringo, kimoja, cha pili, cha tatu, vimepangana kama gololi ndani ya soksi.

"Mama," akasema, "huyu Jemedari wako ana mayai."

Mama Deki alimpokonya mjusi. Alisema mwanawe hawezi kukosea kitu kama hicho. Alisema dume ni dume. Alisema hata kama si dume, hakuna mjusi mwingine aliyewahi kuingia humu, mlango anaufunga kwa kitasa, labda bwana awe anamaanisha jambo asiloweza kulisema mbele ya mama wa watu. Bwana Masalia akamuuliza kama kuku asiye na jogoo hatagi. Mama Deki akamgeuza mjusi, tumbo juu. Kisha, polepole, akaweka vidole vyake mahali vilipokuwa vya mwenzake.

Daktari alipigiwa simu, akafika kabla jasho la mwito halijakauka. Alibonyeza tumbo mara mbili, akakaa chini sakafuni na kofia yake ya pikipiki magotini, akacheka kwa aibu. Alisema mara mbili zote alikuja kutafuta ugonjwa wa dume, kwa sababu kwenye kadi aliandika dume, na kwenye kadi aliandika dume kwa sababu aliambiwa. Mnyama huyu hutaga hata bila mume, na hatagi juu ya sakafu. Anachimba shimo la kina, kwenye udongo wenye unyevu unaoshika, anajifukia humo. Hapa amekuta vigae. Amechimba vigae karibu wiki mbili. Akikosa udongo siku chache zaidi, mayai yataozea tumboni, na hapo ni kisu, na kisu kwa aliyekonda hivi yeye hamtakii mtu.

"Kwa hiyo usafi ndio umemfunga," alisema Mama Deki.

"Vigae ni vizuri sana, mama," alisema daktari. "Kwa dume."

Bwana Masalia alimwomba daktari arudie maneno hayo, vigae ni vizuri sana, ili yabaki masikioni mwa mwenye nyumba. Kisha akatoa masharti yake. Ataleta udongo, alikuwa nao yadini, wa mfinyanzi kidogo na mchanga kidogo, umechujwa. Ataleta na sinki la kuutilia, lenye ufa ambao hajapata mnunuzi wa kumficha. Naye Mama Deki atakuja yadini, mchana, wakiwapo wateja, aseme vigae havikuwa na kosa. Mama Deki akasema udongo kwanza, maneno baadaye. Wakapeana mikono.

Lakini daktari alipoondoka, Mama Deki hakuinuka kung'oa vigae. Alikaa kwenye kiti cha mwanawe na simu mapajani. Bwana Masalia alikuwa ameshika patasi, tayari, akageuka dirishani kuona kinachomchelewesha, na ndipo alipoliona godoro. Lilikuwa limeegemezwa ukutani uani, linapigwa jua, godoro la mtu mmoja lenye foronya mpya juu yake, lebo bado haijakatwa.

"Akipona, haji," alisema Mama Deki.

Akaeleza bila kumtazama. Kijana alikuwa akipiga simu kila Jumapili saa tisa. Neno la kwanza, Jemedari hajambo? Neno la pili, na wewe, mama? Dakika nane, zikizidi sana kumi. Tangu mjusi aache kula anapiga kila siku, saa kumi, akitoka kazini. Anauliza choo, anauliza joto, wanaongea mpaka simu inapata moto. Juzi alisema kwamba asipopata nafuu mpaka mwisho wa mwezi ataomba ruhusa, apande ndege, aje mwenyewe. Mwisho wa mwezi ulikuwa siku tisa mbele.

Bwana Masalia aliweka patasi chini. Hapa alikuwa kwenye uwanja wake. Alimwambia kwamba biashara haina haraka ya kusema kila kitu. Vigae wang'oe leo, udongo watie leo, mnyama atage, ila simu ya leo si lazima iseme mayai. Iseme bado anakuna. Si uongo, bado anakuna. Kijana akishakata tiketi amekata; bidhaa ikitoka dukani hairudi. Atafika, atamkuta mzima, atafurahi. Nani amepunjwa?

Mama Deki alifikiri, na alifikiri kwa kweli. Yule aliyegonga vigae alikuwa sasa anaigonga bei hii, akiinamisha kichwa. Kisha akasema kulikuwa na bibi mmoja, kitanda cha kumi na tisa, miaka mingi iliyopita. Kila alipoandikiwa kwenda nyumbani alipandwa homa. Madaktari wakapima mpaka wakachoka. Mama Deki ndiye aliyejua, kwa sababu ndiye aliyekuwa akideki chini ya kitanda kile: bibi alikuwa akiificha chupa ya maji ya moto na kuilalia. Wanawe walikuwa wakija akiwa hospitali tu.

"Nilimsema sana yule bibi moyoni mwangu," alisema. "Nilimwona mpumbavu." Akaikunja ile kalenda mara mbili. "Lete udongo, kaka."

Bwana Masalia alipokuwa akirudi na mkokoteni, simu ilikuwa imekwisha kulia. Alisikia kupitia mlango. Mama Deki alisema mayai, akasema tena ndiyo, mayai, na upande wa pili kukawa na kicheko kirefu cha kijana, kicheko kizuri kilichojaza chumba, kumbe miaka yote, mama, kumbe miaka yote nampigia saluti mama mjamzito. Mama Deki naye alicheka. Kisha kijana akaongea kwa muda, na mama akawa anaitikia, ndiyo, ndiyo, ni kweli ruhusa ni ngumu, ni kweli nauli. "Mwakani vizuri, baba," alisema. "Mwakani utakuwa umejipanga."

Vigae vinne viling'oka vizima. Vitano vilibaki, kwa sababu Mama Deki alikataa nyumba nzima iwe shamba. Udongo hakuuamini, aliukaanga kwenye sufuria kubwa, mkupuo kwa mkupuo, mpaka ukaacha kunuka, ndipo akaunyunyizia maji. Jemedari alitiwa ndani ya sinki. Alisimama muda mrefu, kidevu juu, kama anayesubiri mtu aseme ni utani. Kisha akashusha kichwa na kuchimba. Alichimba mpaka ukabaki mkia. Siku ya tatu kulikuwa na mayai ishirini na mawili, meupe, laini, yasiyo na mtoto ndani hata moja. Siku ya nne karatasi iliandikwa, Chakula: panzi saba. Kwenye Mengineyo, mstari mmoja tu: Amelala.

Mama Deki alikuja yadini kama walivyopatana, mchana, wateja wanne wakiwapo. Alisema kwa ile sauti yake kwamba vigae vya hapa havina kosa, hata vilivyolambwa. Bwana Masalia aliona hilo la mwisho lingeachwa. Alikuja pia na vile vinne ndani ya mfuko, vimesuguliwa mpaka mgongoni, akataka kuvibadilisha. Walivutana. Sinki likawa lake, na Bwana Masalia akabaki na vigae vinne ambavyo mpaka leo havijapata chumba, kwa kuwa hakuna mtu anayetafuta vinne. Mlango wa mninga nao ulinunuliwa na mtu mwingine, kwa bei pungufu.

Simu zilirudi Jumapili, saa tisa, dakika nane. Neno la kwanza sasa likawa, mama mjamzito hajambo?

Jumapili moja Bwana Masalia alipita kuangalia kama ufa wa sinki unavuja, na alisema wazi kuwa alipita kwa ajili ya ufa tu. Haukuvuja. Jemedari alikuwa juu ya tawi, ameshiba. Godoro lilikuwa limerudishwa chumbani, limesimamishwa nyuma ya mlango, foronya na lebo yake. Bwana Masalia hununua magodoro pia, yakiwa safi. Aliligusa, akaona ni zito, halijalaliwa. Akataja bei, na haikuwa bei mbaya.

Mtu anayeuza hutaja yake. Anayetaka kuuza lakini bado hajaamua hucheka, au hutukana, au huanza kukung'uta sketi. Bwana Masalia alisubiri moja ya hayo. Mama Deki alikuwa akitazama saa ya ukutani, imebaki robo kufika saa tisa, akapangusa simu kwa pindo la kanga na kuiweka mezani, uso juu. Bwana Masalia akaliacha godoro, akavaa viatu vyake mlangoni.